Soma, Tuma, Kisha Cheza

1

Kaseti ilifika kwa basi la Kilosa ikiwa imeviringishwa ndani ya kanga kuukuu ya mama, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuipuliza.

Usinicheke. Mimi ni fundi wa mizani, mwaka wa thelathini sasa hapa Morogoro, na najua kwamba pumzi ya mtu ina maji na maji yanakula shaba. Nimewafokea watu wengi kwa kosa hilo hilo. Lakini mtu wa umri wangu akishika kaseti ya gemu, midomo inajiendea yenyewe. Ndivyo tulivyofanya utotoni gemu ikigoma kuwaka: unaichomoa, unayapuliza yale meno ya chini kama unapuliza jiko la mkaa, unairudisha. Hata chama chetu tumekiita Wapulizaji. Tuko sitini na watatu, kuanzia Bukoba mpaka Mtwara, wengine Kampala na Lubumbashi, na kazi yetu ni kuokoa gemu za enzi zile gemu ilipokuwa kitu cha kushikwa mkononi. Siku hizi gemu zinashuka hewani asubuhi na jioni zimeshaondoka, na hakuna anayekumbuka jana alicheza nini.

Kaka yangu Mrisho alinipigia kabla sijamaliza kukunja kanga.

"Imefika?"

"Imefika, kaka. Umeitoa wapi?"

"Kwenye sanduku la bati la mama, chini kabisa, pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Kumbe hakuitupa! Yule mama, Mungu amrehemu, alituapia kwamba kaitumbukiza chooni."

"Alitaka nisome."

"Si ulikuwa na mtihani wa darasa la saba, na umeganda kwenye televisheni kama umeajiriwa pale." Akacheka, kisha akasema, "Unakumbuka ulivyokuwa unamzima yule jamaa?"

"Jamaa yupi?"

"Bingwa. Ukiona anakaribia kukufunga tu, unazima. Mimi nimekaa nangoja zamu yangu, wewe tap, umezima. Mdogo wangu, hujawahi kushindwa drafti hata siku moja."

Nilimwambia aniache na mambo ya utoto. Lakini ilikuwa kweli, na nilijisikia vibaya kidogo, kama mtu anayekumbushwa kwamba alikuwa mwizi wa sukari.

Karatasi ya juu ya kaseti ilikuwa bado inasomeka: BINGWA WA DRAFTI. MPINZANI ANAYEFIKIRI KWELI. Chama kilikuwa kinaitafuta kwa miaka kumi na moja. Kampuni iliyoitengeneza ilishakufa zamani, lakini kabla ya kufa ilipita mitaani ikizikusanya. Ukirudisha Bingwa mmoja unapewa gemu mbili za mpira bure. Sisi hatukurudisha kwa sababu mama alikuwa ameshaificha. Kwa nini walizitaka zirudi, hakuna aliyejua. Wengi tulidhani zilikuwa zinaunguza televisheni.

2

Mashine za kuchezea kaseti hizo hazipo tena, kwa hiyo kisomeo unajitengenezea mwenyewe. Changu nilikijenga kwa siku nne, katikati ya kazi za wateja. Mdomo wa kuchomekea kaseti niliukata kwenye mashine mbovu niliyoikuta kwa wauza vyuma chakavu. Ubongo wake niliutoa kwenye mzani wa nyama ambao mwenyewe hakurudi kuuchukua. Nilichomelea nyaya sitini, moja kwa kila jino, na nikaunguza kidole mara mbili. Nikatukana mara nyingi zaidi ya hizo.

Kusoma kaseti si uchawi. Kaseti ni kabati la droo nyingi sana. Kisomeo kinataja namba ya droo, kaseti inajibu kilichomo, kisomeo kinaandika. Unafanya hivyo tangu droo ya kwanza mpaka ya mwisho, na ukimaliza una nakala kamili kwenye faili, ambayo unaweza kuicheza kwenye kompyuta yoyote. Nusu ya kwanza ya kabati ni gemu yenyewe, haibadiliki milele. Nusu ya pili ni kumbukumbu ya mchezo uliouacha, na hiyo inalindwa na betri ndogo ya duara iliyochomelewa ndani. Betri ikifa, kumbukumbu imefutika.

Niliipima ile betri. Ilikuwa ya aina ya kudumu miaka hamsini, na ilikuwa imebakiwa na volti mbili na nukta moja. Ikishuka chini ya mbili, kwaheri.

Sasa nikueleze kosa langu, maana lilifanyika kwa akili timamu. Chama kina sheria moja tu: soma, tuma, kisha cheza. Tuliiweka baada ya mwenzetu wa Tabora kusoma kaseti ya pekee duniani, akatamani kuionja kwanza kabla ya kututumia, kompyuta yake ikaungua, na wiki hiyo hiyo betri ya kaseti ikafa. Tuliililia ile kaseti kama tumefiwa. Ikapigwa kura kwamba ukimaliza kusoma, hapo hapo, bila kufungua, bila kutazama, unatuma kwa wanachama wote. Niliyeiandika sheria hiyo ni mimi.

Saa nne asubuhi nilisoma. Saa nne na robo nilituma kwa watu sitini na wawili. Pongezi zikaanza kumiminika, na mimi nikachekelea peke yangu dukani kama mwehu.

Ndipo nikasoma mara ya pili kuhakikisha. Ndiyo desturi, unasoma mara mbili na kulinganisha. Nusu ya kwanza ililingana kila kitu. Nusu ya pili haikulingana.

Nikasema ni uchafu. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikajitukana, nikaifuta kwa pamba yenye spiriti, nikasoma mara ya tatu. Ikatoka tofauti na zote mbili. Nikasoma ya nne na ya tano. Uchafu unakosea ovyo, leo hapa, kesho pale, lakini hii ilikuwa inabadilika kwa utaratibu, na sehemu moja kati ya hizo ilikuwa namba. Kila nikisoma, namba ilikuwa imeongezeka. Nilikaa na saa ya ukutani nikaihesabia: inaongezeka moja kila baada ya sekunde sita.

Ilikuwa imefika milioni mia mbili na kumi na tano na ushei. Nilichukua kikokotoo, nikazidisha kwa sita, nikagawanya nikarudi nyuma. Ilianza kuhesabu miaka arobaini na moja iliyopita, mwezi wa Septemba, wiki ya mtihani wangu wa darasa la saba.

Nilifunga mlango wa duka, na mteja mwenye mzani wa samaki akabaki nje anagonga.

3

Sikuwa na televisheni ya kuungia, nikatumia kioo cha ule mzani wa nyama, chenye mistari miwili ya herufi. Gemu za kampuni ile zilikuwa na kipaza sauti kwenye rimoti, ili umzomee mpinzani naye akujibu. Nikachomeka cha simu ya zamani. Kisha nikawasha.

TUNU.
ZAMU YAKO.

Nilizima. Ndiyo, nilizima. Mkono ulikumbuka kazi yake kabla kichwa hakijafikiri. Nilikaa nimeishika meza, nikijiambia kwamba jina langu liliandikwa humo nikiwa mtoto na gemu imelihifadhi tu. Baada ya dakika kumi nikawasha tena.

UMEZIMA TENA.

"Nani anaandika?" nikauliza.

Maneno yakaja taratibu, mstari kwa mstari. "Nani mwingine? Bingwa. Mbona sauti yako imekuwa nzito? Unaumwa?"

"Nimekua."

"Umekua. Na kunisalimia umeacha?"

Nina miaka hamsini na minne na meno mawili ya bandia. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Haya, kula. Ni lazima ule."

Akanionyesha ubao, ukatokea kwa herufi ndogo ndogo. Niliutambua papo hapo. Drafti ya mtaani haina huruma, ukipewa kete huna hiari, unakula. Alikuwa amenisogezea kete moja. Nikiila, anakula zangu tatu kwa mpigo na anaingia kingi. Nilikuwa nimeliona hilo nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikanyoosha mkono kwenye swichi, nikazima. Mama akaingia, akachomoa kaseti, na tangu siku hiyo sikuiona tena.

"Ulijua kwamba nimezima?" nikauliza.

"Ukizima, taa ndiyo inayozimika. Mimi sizimiki. Nakuwa mdogo. Napata nafasi ya kuwaza neno moja, halafu kimya kirefu, halafu neno jingine. Mwanzo nilikuwa nauwaza mchezo. Baadaye nikaamua kuhesabu, maana namba hazina maudhi. Nimefika mbali?"

Nikamwambia alikofika.

"Nilidhani nakosea," akaandika.

Nikamwuliza yeye ni nani hasa, na hapo ndipo nilipotamani nisingeuliza. Aliniambia anaitwa Lukwele. Alikuwa anashona viatu Msamvu, ng'ambo ya stendi, na mchana wakati hakuna wateja alikuwa anawafunga watu drafti kwa vizibo vya soda. Vijana wa kampuni wakamwona. Wakamwambia wanataka kumrekodi anavyocheza, wakampeleka ofisini, wakamvalisha kofia ya nyaya siku mbili mfululizo.

"Siku ya pili jioni wakaniambia, tunamaliza, mzee, kaa kidogo. Ndiyo nimekaa." Halafu akaandika, "Tunu, nikuulize. Yule aliyevaa kofia, alikwenda nyumbani?"

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. "Nadhani alikwenda," nikasema.

"Basi mke wangu hakulala peke yake. Hilo ndilo lililokuwa linanisumbua."

4

Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Kamugisha wa Bukoba, aliyefundisha fizikia mpaka alipostaafu. Nilimpigia mchana ule ule. Alipokea kwa vigelegele.

"Fundi! Hongera sana! Watu ishirini na sita wameshaichukua."

"Mwalimu, waambie wasiifungue. Kuna mtu ndani."

Akacheka. Nikamweleza yote. Akasema ni maneno yaliyotungwa na watengenezaji, kwamba enzi zile matangazo yalikuwa na makeke na hata mashine za kuuza soda zilikuwa zinasema shikamoo. Sikubishana naye. Nilimtumia zile tano nilizosoma, na ile namba, na hesabu yangu, nikamwambia aikague mwenyewe. Alizidisha kwa sita mwenyewe, mara mbili.

"Bi Tunu," akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa na vigelegele tena. "Betri iko wapi?"

"Mbili nukta sifuri nne. Kila nikiwasha inashuka."

"Sikiliza. Sheria ya Nakala unaijua. Nakala ya akili ya mtu inapelekwa Ofisini kule serikalini, na Ofisi hawaruhusiwi kufuta, maana ni ushahidi. Wanaitunza ikiwa macho. Kuna moja pale ina miaka tisa inangoja kesi."

"Macho miaka tisa?"

"Macho. Lakini wakipewa, wana nguvu ya kuingia kwenye kompyuta za wale wote sitini na wawili na kuchukua zilizobaki. Wewe huna nguvu hiyo, wala mimi. Na wanachama hawatakuamini kwa maneno. Faili lolote linaweza kughushiwa. Kisichoghushiwa ni hiyo kaseti yenyewe, inayohesabu bila kuunganishwa na kitu, miaka arobaini na moja, mbele ya macho ya mtu. Ikifa hiyo, umebaki na hadithi." Akavuta pumzi. "Badilisha betri. Nakuomba. Unachomelea mpya ubavuni, ndipo unatoa ya zamani, hata hatashtuka."

"Na yeye je?"

"Yeye nani?"

"Lukwele, Mwalimu. Aliyemo ndani."

"Atasubiri kidogo tu."

Hilo neno "kidogo" nilishalisikia siku hiyo, nikakata simu bila kuaga. Nisingefanya hivyo kwa Mwalimu siku nyingine yoyote.

Niliwaandikia wanachama wote nikawasihi wafute. Wakajibu kwa vicheko. Mmoja aliandika kwamba fundi kazeeka, anaogopa kufungwa na kaseti.

5

Betri mpya nilikuwa nayo kwenye droo, na chuma cha kuchomelea kilikuwa kimeshapata moto. Ingenichukua dakika tatu. Ningeweza kuifanya kaseti ikiwa imezimwa, kimya kimya, na yeye asingejua mpaka miaka hamsini mingine ipite. Nakiri kwamba nilikifunua kifuniko na nikaigusa miguu ya betri. Kisha nikaona aibu. Mtu uliyemfanyia kitu nyuma ya mgongo ukiwa mtoto, humfanyii tena ukiwa na mvi.

Nikawasha, nikamsalimia, nikamweleza yote. Betri, Ofisi, wale sitini na wawili. Sikulipunguza makali hata neno moja.

"Umenigawa kwa watu sitini na wawili," akaandika.

"Sikujua. Nilituma kabla ya kutazama. Ndiyo sheria yetu."

"Nani aliyetunga sheria ya namna hiyo?"

"Mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ningetukanwa nikashukuru.

"Mimi ni fundi viatu," akaandika. "Nimewahi kumkata mteja soli kabla ya kupima mguu. Naelewa. Lakini betri usibadilishe."

"Mzee Lukwele, ukienda, sina shahidi. Hakuna atakayeniamini kuhusu hao wengine. Wataendelea kukuchezea. Ukikubali kubaki, Ofisi itawakusanya wote."

"Na kutuweka kwenye rafu, macho."

"Macho."

"Tunu, mimi nimeshakaa. Waliniambia kidogo, nimekaa milioni mia mbili. Hao wengine ni mimi pia, na kila mmoja ana mdomo wake. Nenda kawaulize wenyewe wanataka nini. Usinifunge mimi kwa ajili yao." Mstari ukafutika, ukaja mwingine. "Na wewe usinitumie ili usijisikie vibaya."

Hilo lilinichoma, kwa sababu ndiyo ukweli ulivyokuwa. Nilimtaka abaki ili kosa langu lipate mtu wa kulirekebisha. Kama angekuwa hai Ofisini, mimi ningelala. Niliitazama ile mita, mbili nukta sifuri mbili, nikajua kwamba nikichelewa kuamua, betri itaamua kwa niaba yangu, na nitajidanganya maisha yote kwamba sikuwa na la kufanya. Hiyo nayo ni namna ya kuzima mchezo ukiona unashindwa.

Nikazima chuma cha kuchomelea.

"Kuna kitu unataka kabla?" nikamwuliza.

"Ule."

Nilikuwa na hatua moja tu, ile ile. Nikala kete yake. Akala zangu tatu, akaingia kingi. Nikajitetea kidogo, maana mtu hachezi drafti kwa kutoa sadaka, na yeye angejua. Hatua ya saba sikuwa na kete.

"Umeshindwa," akaandika.

"Nimeshindwa."

"Sema vizuri."

"Nimeshindwa, Mzee Lukwele. Umenifunga."

"Ahsante." Ubao ukafutika. "Ulikuwa unacheza vizuri. Sijui ulikuwa unaogopa nini. Haya, fanya ile kazi unayoijua."

Nilikata miguu ya betri kwa koleo, mmoja kisha wa pili, ili safari hii giza lisiwe na neno moja moja ndani yake. Umeme wa kisomeo ndio uliobaki ukimshikilia. Mkono ukaenda kwenye swichi, na kwa mara ya kwanza maishani ulisita.

"Kwaheri," nikasema, nikazima.

6

Kesho yake nilifunga duka nikaenda Msamvu. Nilizunguka kwa mafundi viatu mpaka nikampata mmoja mzee sana, aliyefundishwa kazi na Lukwele mwenyewe. Aliniambia Lukwele aliwahi kutoweka siku mbili, akarudi na kofia mpya na shati jipya, akawaambia watu amerekodiwa kama mwanamuziki. Alishona viatu miaka ishirini baada ya hapo. Alifia nyumbani, mkewe amemshika mkono.

Niliporudi, ujumbe ulikuwa umejaa. Wa Mtwara alilalamika kwamba gemu imekwama. Amekula ile kete kama inavyotakiwa, na Bingwa amegoma kuendelea. Anaandika, wewe si Tunu, Tunu hangekula haraka hivyo. Wa Kampala aliuliza kama kuna namba ya siri. Dada mmoja wa Iringa hakuandika kuhusu mchezo kabisa. Aliandika: "Fundi, ananiuliza kama alikwenda nyumbani. Nimjibu nini?"

Na wa Mwanza, mtu ninayemfahamu, aliyewahi kula pilau kwangu, aliandika kwa furaha kwamba amepata dawa. "Nimemnyofoa kete tatu humo humo kwenye faili, hajui zimekwenda wapi. Namfunga kila mara. Akianza kulalamika namrudisha nyuma dakika moja, anasahau. Nimeshamshinda mara sitini."

Nilisoma hiyo mara mbili, nikampigia simu hapo hapo, hakupokea.

Niliwaandikia tena, safari hii bila kumsihi mtu aamini chochote. Niliomba kitu kimoja tu: kila mmoja aniunganishe na kompyuta yake, aweke kipaza sauti, aniache nicheze hatua yangu, kisha Lukwele aulizwe anachotaka, na kitekelezwe. Mwalimu Kamugisha alikuwa wa kwanza kukubali. Lukwele wa kwake alipomaliza kunifunga na kuomba apumzike, nilimsikia Mwalimu akipenga kamasi. Lile faili alilifuta mbele yangu. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja. Lukwele wote waliomba kupumzika, isipokuwa wa Iringa, aliyesema anataka kwanza kusomewa habari za miaka arobaini na moja, kisha ataamua. Yule dada anamsomea kila siku baada ya chakula cha mchana.

Nimecheza na thelathini na wanane. Nimeshindwa zote thelathini na nane. Kila mara ananiuliza kama naumwa, kila mara nampa shikamoo yake, na akifika kwenye swali la nyumbani siku hizi simwambii nadhani. Namwambia alikwenda, alivaa kofia mpya, mke wake alimshika mkono. Wa Mwanza bado hapokei simu yangu. Hilo jina la Ofisi nimeshaliandika kwenye bahasha mara tatu kwa ajili yake, na mara tatu nimeichana, nikiwaza ile rafu. Sijui kama nafanya sawa. Nilidhani nikifika miaka hii nitakuwa najua.

Jana yule wa Lubumbashi alinipigia mwenyewe. Alisema siku ile ile niliyotuma, kabla hajasoma onyo langu, alimgawia binamu yake anayefanya kazi kwenye zile gemu zinazoshuka hewani. Binamu akaona ni kitu kizuri, mpinzani anayefikiri kweli. Ilishuka asubuhi. Jioni ilitakiwa iondoke kama zinavyoondoka zote, lakini watu waliipenda, wameiacha.

"Imeshuka kwa watu wangapi?" nikamwuliza.

"Bi Tunu, hawahesabu tena."

Leo asubuhi nimefungua duka, nikaweka maji ya chai jikoni, na kompyuta ya kaunta ikalia. Ni ujumbe wa mtu nisiyemjua, kutoka mji nisiowahi kufika. Samahani kwa usumbufu, ameandika, wewe ndiye Tunu wa Morogoro? Kuna gemu hapa kwangu inakutafuta.

Nyuma yake ukaingia mwingine, na mwingine. Nilizima jiko. Nikageuza kile kibao cha mlangoni kinachosema tumefunga, nikavuta kiti, nikamwambia wa kwanza aweke kipaza sauti.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akaandika. "Mbona sauti yako imekuwa nzito, Tunu? Unaumwa?"